Kibali Hakipimi Vimelea

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu shikamooni, mabibi na mabwana habari za asubuhi.

Mada ya leo ni magonjwa yanayosafiri pamoja na wanyamapori hai wanaouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Humu ukumbini, hapa Tanga, wapo maofisa wa forodha na wa mifugo, wapo wa misitu kutoka Muheza na Amani, wapo wanafunzi, na sitashangaa wakiwapo walioendesha maisha yao kwa vinyonga na kobe kabla biashara haijafungwa. Hakuna atakayehukumiwa hapa. Kazi ya mwanaikolojia ni kueleza ugonjwa unaingilia wapi, na nitasema mapema kwamba wengi wetu tunautafuta mahali pasipo pake: tunautafuta msituni, na tunautafuta ndani ya ndege. Katikati ya msitu na ndege kuna stoo, pale wanyama wanapowekwa wakingoja kusafirishwa. Asubuhi hii nitakaa sana kwenye stoo hiyo.

Tuanze na karatasi. Mnyama aliye kwenye orodha za CITES, mkataba uliosainiwa Washington mwaka 1973 na ambao Tanzania imo tangu 1980, havuki mpaka kihalali bila kibali. Kibali kinataja jina la kisayansi, idadi, anakotoka, anakokwenda, kusudi la safari, na herufi ya asili yake: W kwa aliyekamatwa porini, C kwa aliyezalishwa kizuizini, R kwa aliyechukuliwa porini akiwa yai au mtoto kisha akalelewa. Hakuna mstari unaouliza ana vimelea gani. Si uzembe wa waliouandika. Mkataba ule ulitungwa ili spishi zisimalizwe na biashara, na hiyo ndiyo kazi yake. Shirika la kimataifa la afya ya wanyama nalo lilianzishwa mwaka 1924, baada ya sotoka kuingia Ubelgiji mwaka 1920 pamoja na ng'ombe waliokuwa wakitoka India kwenda Brazil na kupitishwa bandari ya Antwerp. Hadi leo nguvu yake kubwa iko kwa mifugo. Shirika la Afya Duniani linaangalia binadamu. Basi mnyama asiye mfugo, na asiye adimu, anapita katikati ya meza tatu na kila meza inaona si wake. Panya buku hayumo katika orodha za CITES. Vyura walio wengi hawamo.

Ukubwa wa pengo hilo ulionekana kwa mnunuzi mkubwa. Kati ya mwaka 2000 na 2006 Marekani iliingiza karibu wanyama hai bilioni 1.5, wengi wao samaki, wengi wao kwa ajili ya kufugwa majumbani. Chini ya asilimia 14 ndio walioandikwa hadi jina la spishi. Huwezi kukisia ugonjwa wa mnyama usiyemjua jina.

Mtasema, lakini kuna cheti cha afya. Kipo, na daktari wa mifugo anayekisaini anafanya alichotakiwa: anatazama macho, pua, ngozi, manyoya, kinyesi, namna mnyama anavyosimama na kula. Shida ni kwamba mwenyeji wa asili wa kimelea mara nyingi haumwi. Wameishi pamoja muda mrefu wakazoeana. Popo anayebeba virusi vya Marburg, homa inayoua watu, huruka na kula matunda kama wenzake. Kobe mwenye salmonela, bakteria wa kuharisha, anatafuna majani kwa furaha, na ndiyo maana Marekani tangu 1975 ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika takriban sentimita 10, kwani watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Cheti kinachosema "hana dalili" kinasema kweli, ila hakijajibu swali.

Sasa tuingie stoo.

Mwezi Aprili 2003 shehena ya wanyama wadogo wapatao 800 iliondoka Ghana kwenda Texas. Ndani yake mlikuwa na panya buku, kuchakulo wa aina kadhaa, nungunungu, na wanyama wadogo wafananao na panya wenye mkia wa manyoya. Walionekana wazima. Baadhi yao wakauzwa hadi kwa mfanyabiashara wa jimbo la Illinois, akawaweka karibu na wanyama wa Marekani, aina ya kuchakulo wa ardhini wanaoishi kwa makundi kwenye mbuga za nyasi za Amerika. Hao wa Kimarekani wakaambukizwa mpox, ugonjwa wa jamii ya ndui, wakauzwa kwenye maduka na minada, wakaingia majumbani. Watu 47 katika majimbo 6 walihesabiwa kuwa wagonjwa waliothibitishwa au waliodhaniwa. Hakufa mtu. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuzuka kwa watu nje ya Afrika.

Jambo la kushika hapa ni moja: katika wale 47, hakuna aliyeugua kwa kushika mnyama wa Ghana moja kwa moja. Wote walipata kwa yule wa Kimarekani. Bara moja lilileta kimelea, bara jingine likatoa mwili usiokijua, na chumba kimoja cha kufungia wanyama kikawakutanisha. Porini wasingekutana hata kwa miaka milioni.

Ushahidi wa pili ni wa Vietnam, na kwa maoni yangu ndio ulio bora kuliko yote kwa sababu ulipima mnyororo mzima. Watafiti walichukua sampuli za panya wa mashambani wanaouzwa kwa kuliwa, mwaka 2013 na 2014, wakatafuta virusi vya korona, vya jamii nyingine na si kile cha UVIKO-19. Kwa wachuuzi wa mwanzo waliokutwa navyo walikuwa asilimia 20.7. Kwenye masoko makubwa, asilimia 32. Kwenye mikahawa, wakiwa hai wakisubiri kuchinjwa, asilimia 55.6. Panya ni wale wale. Kilichobadilika ni idadi ya vizimba walivyopitia.

Kwa nini inapanda? Mnyama aliyekamatwa anajaa homoni za mfadhaiko, na homoni hizo hupunguza kinga. Kimelea kilichokuwa kimetulia kinaanza kuzaliana, na mnyama anaanza kukitoa kwa mkojo, mate na kinyesi. Wakati huohuo amebanwa na wenzake ishirini. Halafu vizimba vimepangwa juu kwa juu, na sakafu ya kizimba ni waya, kwa hiyo kinyesi cha wa juu ndicho chakula cha wa chini. Chombo cha maji ni kimoja, kinahamishwa bila kuoshwa. Wanyama wapya wanaingia kila siku kabla wa zamani hawajaondoka. Hilo la mwisho ndilo linaloharibu kabisa, kwa sababu ugonjwa ambao ungeisha wenyewe kwa kukosa wa kumwambukiza unaletewa miili mipya kila asubuhi.

Kwa Usambara mlolongo ulikuwa unajulikana. Kijana anatoka usiku na tochi, maana kinyonga akilala hupauka na kung'aa kwenye tawi. (Kwa desturi za pwani hii wengi hata kumgusa hawataki, na labda woga huo umemlinda kuliko sheria.) Anamtia kwenye mfuko wa kitambaa, dalali wa kijiji anakusanya, dalali wa mjini anapokea, msafirishaji anangoja oda itimie. Safari ya ndege ni saa kadhaa tu. Kungoja oda ni siku na majuma. Tukiwa na fedha ya kukagua mahali pamoja, isitumike uwanja wa ndege. Itumike pale kwenye kungoja.

Na kanuni za pale hazina miujiza. Spishi moja chumba kimoja. Wa bara moja wasichanganywe na wa bara jingine hata kwa usiku mmoja. Kundi linaingia lote na kutoka lote, chumba kinasafishwa na kukaushwa, ndipo kundi jingine linaingia. Sakafu ya kizimba iwe kipande kizima chenye sinia. Maji machafu ya vyura na kobe yasimwagwe mtaroni kabla hayajatiwa klorini. Anayehudumia aanze na wazima amalizie na wagonjwa, kamwe asirudi nyuma. Na daftari la vifo liwepo, kwa tarehe na spishi. Katika stoo nyingi mzoga hutupwa tu jalalani, nao ndio ushahidi wenyewe. Panya waliokufa wanane katika siku mbili wana habari nyingi kuliko vyeti mia.

Kuna karantini pia. Tumbili na nyani wanaoingia Marekani hukaa si chini ya siku 31. Muda huo unatosha kwa Marburg, ambayo huonekana ndani ya siku 2 hadi 21, lakini hautoshi peke yake kwa kifua kikuu. Ndiyo maana hupimwa zaidi ya mara moja wakiwa ndani. Karantini bila kujua unasubiri ugonjwa gani ni kufunga mlango na kuhesabu siku.

Niseme kidogo juu ya vipimo, kwa kuwa hapa ndipo watu hudanganyika kwa nia njema. Shehena ina vyura 1,000. Mkaguzi anachukua 10, anawapima, wote hawana kitu. Je, shehena ni safi? Kuna hesabu nyepesi: gawa 3 kwa idadi uliyopima bila kupata hata mmoja, jibu ndilo kiwango cha juu cha maambukizi ambacho bado kinawezekana kwa uhakika wa asilimia 95. Ukipima 60, jibu ni asilimia 5. Kwa shehena ya 1,000 hao ni vyura 50 wenye ugonjwa ambao hukuwaona. Ukipima 10 tu, hesabu kamili inakupa takriban asilimia 26. Kwa hiyo ripoti isiandike "shehena haina ugonjwa". Iandike "wamepimwa 60 kati ya 1,000, hakupatikana". Tofauti ya sentensi hizo mbili inaweza kumfikisha mtu mahakamani, na yafaa imfikishe.

Nimetaja vyura, tukae nao, kwa sababu Tanga ina hisa kubwa kuliko inavyofikiri.

Mwaka 1999 ilitangazwa rasmi kwa jina fangasi moja iitwayo kitridi, inayokaa kwenye ngozi ya vyura. Chura hunywa maji na kupitisha chumvi kwa ngozi. Fangasi inaivuruga ngozi hiyo, sodiamu na potasiamu zinashuka kwenye damu, moyo unasimama. Tathmini iliyochapishwa 2019 ilihusisha fangasi hii na kupungua kwa spishi 501 duniani, na 90 kati ya hizo zinadhaniwa zimetoweka. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2018 ulielekeza chanzo chake Asia ya Mashariki, upande wa rasi ya Korea, na kusambaa kwake katika karne ya 20, enzi vyura walipoanza kusafirishwa kwa ndege na meli kwa ajili ya maabara, nyama na kufugwa.

Watanzania tunamjua chura wa Kihansi hata kama hatujamwona. Aligunduliwa 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, eneo la hekta chache tu lenye rasharasha. Bwawa la umeme lilipojengwa maji yakapungua. Mwaka 2003 idadi yake ikaporomoka ghafla, na kitridi ikakutwa kwenye mizoga. Wataalamu wanataja sababu zaidi ya moja, na sitazitenganisha hapa. Mwaka 2009 akaandikwa kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwa sababu karibu vyura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Tuwe waadilifu: kumsafirisha mnyama kimataifa ndiko kulikomwokoa. Kusafirisha si dhambi. Tanga yenyewe ilizalisha mbung'o dume wasioweza kuzalisha, wakamwagwa Unguja kwa ndege katika miaka ya 1990 hadi mbung'o wakaisha kisiwani kufikia 1997. Wadudu kwa mamilioni walivuka bahari bila kuleta balaa, kwa kuwa kila hatua ilikuwa na mtu anayeijibia.

Chura wa Kihansi ni wa jenasi ya vyura wanaozaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Jenasi hiyo ina ndugu wanaoishi msitu wa Amani, kilomita zisizofika mia kutoka ukumbi huu. Sasa tazameni joto. Kitridi hustawi kati ya nyuzi 17 na 25. Ikipita 28 inasinyaa, na kwenye 30 na zaidi haidumu. Tanga mjini mchana ni joto linaloiua. Amani, kama mita 900 juu ya bahari, ina hali ya hewa ambayo fangasi hii ingeichagua yenyewe kama ingepewa ramani. Kwa hiyo mjini mtego uko pengine: chura mwenye kitridi akiwekwa kwenye stoo yenye kiyoyozi, au kwenye ndoo kivulini yenye maji baridi, fangasi inaishi naye. Akipelekwa juu mlimani, imefika.

Mto Zigi unashuka kutoka milima hiyo na ndio unaojaza bwawa la Mabayani, maji ya jiji hili. Viluwiluwi hula mwani wa mito, vyura hula wadudu. Utafiti uliochapishwa 2022 kuhusu Kosta Rika na Panama ulionyesha kwamba baada ya kitridi kuua vyura, wagonjwa wa malaria waliongezeka katika maeneo hayo kwa miaka kadhaa. Wilaya ya Muheza ina historia ndefu ya malaria na ya utafiti wake. Sihitaji kuwaeleza watu wa hapa maana ya hilo.

Kumpima chura si kazi ya maabara kubwa mwanzoni. Unahitaji pamba safi ya kijiti, glavu au mfuko mpya wa plastiki kwa kila chura, na kichupa kwa kila kijiti. Glavu za lateksi na za unga tuziache, zinaweza kuwadhuru hasa viluwiluwi. Unamshika kwa mfuko uliogeuzwa, tumbo juu. Unapaka kijiti mara 5 kila upande wa mstari wa kati wa tumbo, mara 5 ndani ya kila paja, mara 5 kwenye utando wa kila mguu wa nyuma. Jumla ni mara 30. Ni sehemu hizo kwa sababu ndizo chura anazonywea maji na ndizo fangasi inazopenda. Ukipaka mgongo tu utakosa. Kijiti kinawekwa kikavu au kwenye alkoholi, mbali na jua, na andiko liwe kwa penseli, maana alkoholi hufuta wino wa kalamu. Sampuli nyingi zimekufa kwa kosa hilo dogo. Maabara itasoma vinasaba na kutoa kiasi cha vijimbegu vya fangasi. Kwa spishi nyingine vifo vya kundi huanza vijimbegu vikifika kama 10,000 kwa chura, kwa hiyo namba ni muhimu kuliko "anayo" au "hana".

Viatu na nyavu navyo vinabeba. Kwanza sugua tope lote, kwa kuwa tope hulemaza klorini. Kisha loweka au pakaa klorini ya asilimia 1 kwa dakika moja au zaidi. Dawa ya klorini ya dukani yenye asilimia 3.5 changanya lita 1 kwa maji lita 2 na nusu. Ichanganywe siku hiyohiyo, maana ya jana imeshapungua nguvu. Suuza mbali na kijito, kausha juani. Watalii, watafiti na wakata kuni wote wanahusika, na ukiniuliza mimi, watafiti ndio wa kwanza kukaguliwa kwa sababu wanatoka mto huu kwenda ule siku moja.

Dunia imekwisha kuonyesha kwamba tahadhari ya mapema inawezekana. Fangasi ya pili, ndugu wa kitridi, iliua salamanda huko Uholanzi, nayo ikaelezwa 2013. Marekani haikungoja ifike. Mwaka 2016 ikafunga uingizaji wa spishi 201 za salamanda. Ni uamuzi nadra, wa kuzuia kabla ya mzoga wa kwanza.

Kupe niwapitie haraka, ingawa wafugaji wa Handeni na Kilindi watataka zaidi. Kobe wa Afrika waliouzwa Florida walikutwa na kupe wakubwa wa jenasi ya Amblyomma, na baadhi ya kupe hao walikuwa na kimelea cha ugonjwa wa maji ya moyo, unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwaka 2000 Marekani ikafunga uingizaji wa aina tatu za kobe, akiwamo kobe chui wa mbuga zetu. Kupe jike mmoja hutaga maelfu ya mayai. Mkaguzi amtafute kwenye makwapa ya kobe, mikunjo ya shingo, na chini ya mkia. Kwa kakakuona, chini ya magamba. Amng'oe kwa koleo ndogo karibu na ngozi bila kumminya, amtie kwenye alkoholi ya asilimia 70. Kituo cha utafiti wa mbung'o na magonjwa yaenezwayo na wadudu kipo hapahapa Tanga. Hatuhitaji kutuma kupe ng'ambo ili kujua jina lake.

Na watu je? Marburg ilipata jina mwaka 1967, pale wafanyakazi wa maabara za Marburg, Frankfurt na Belgrade walipougua baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Waliougua 31, waliokufa 7. Kagera tumeuona ugonjwa huo 2023 na tena mwanzoni mwa 2025. Milipuko ya Kagera haikuhitaji biashara ya kimataifa. Hiyo ya 1967 iliihitaji. Ndege wa porini nao: Oktoba 2004 abiria kutoka Thailand alikamatwa uwanja wa Brussels na tai wawili kwenye mzigo wa mkononi, wote wawili wana homa ya mafua ya ndege ya H5N1. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukasimamisha uingizaji wa ndege wa porini, na 2007 ukaufunga moja kwa moja.

Sisi tulifunga Mei 2016, pale serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi 6 ili wafanyabiashara wamalize wanyama waliobaki nao, ikasitishwa haraka. Nauunga mkono uzuiaji, lakini tusijidanganye unafanya nini. Umefunga stoo iliyokuwa na leseni na anwani. Haujafunga bandari bubu za Mkinga na Pangani, wala njia za panya za kuelekea Horohoro. Mnyama wa magendo hufichwa, hufungwa mdomo, huchanganywa na chochote, na akifa hutupwa usiku. Kwa jicho la ugonjwa yeye ni mbaya kuliko yule wa kihalali. Tena bahari inaleta pia. Kunguru hawa wanaotunyang'anya samaki sokoni si wenyeji. Waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakavuka.

Kwa hiyo nimalizie kwa jambo ambalo litawafika mikononi baadhi yenu kabla ya mwaka kwisha: wanyama waliokamatwa.

Ofisa akikuta boksi la vinyonga 80 na vyura kadhaa ndani ya basi, huruma inamwambia awarudishe msituni jioni hiyohiyo, na picha yake ipigwe. Asifanye hivyo. Wanyama hao wamepita kwenye stoo. Wana kila walichoambukizana humo, na hujui walitoka mlima gani. Vinyonga wa Usambara Magharibi na wa Mashariki ni jamii tofauti kwa mengi, na vimelea vyao huenda vivyo hivyo. Kuwaachia Amani ni kuuingiza ugonjwa pale pale tunapotaka usifike, na kwa mkono wa serikali.

Afanye hivi. Wanyama wabaki kwenye mifuko au maboksi yao, kivulini, spishi na spishi, bila kuunganisha kundi la leo na la juzi. Wahesabiwe walio hai na waliokufa, wapigwe picha ubavu na kichwa. Wafanyakazi wavae glavu na barakoa, wanawe, wasile humo. Mizoga iwekwe mifuko miwili ya plastiki na kupoozwa kwenye barafu. Ikiwa itakaa zaidi ya siku mbili, igandishwe. Daktari wa mifugo wa wilaya na watu wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, waitwe siku hiyo, na kukiwa na vifo vingi au mtu ameugua, taarifa ifike Dawati la Afya Moja lililo Ofisi ya Waziri Mkuu, ambalo liliundwa kwa ajili ya mambo yanayopita katikati ya meza kama haya. Kisha njia ni tatu: kuwatunza kizuizini, kuwarudisha walikotoka hasa baada ya karantini na vipimo, au kuwaua bila maumivu. Ya tatu haisemwi hadharani kwa sababu inachukiza. Lakini kwa vyura 200 wasiojulikana walikotoka, bila fedha ya kuwapima, mara nyingi ndiyo iliyo sahihi, na ofisa anayeichagua anastahili barua ya kumlinda iliyosainiwa na mkubwa wake kabla lawama hazijaanza.

Gharama ya kutunza na kupima ailipe nani? Sheria ya wanyamapori ya 2009 inatoa faini na vifungo. Pendekezo ni kwamba hukumu itaje pia gharama hizo, zilipwe na mfanya magendo aliyetiwa hatiani, na mwendesha mashtaka apeleke mahakamani hesabu yake: siku za karantini, vijiti vya sampuli, dawa, mshahara wa mhudumu. Bila hesabu hiyo mkononi, hakimu hana cha kuamuru.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Meza ya pembeni kuna vijiti vya pamba, vichupa na chura wa plastiki. Anayetaka kujizoeza ile mipako 30 aje kabla ya chai, na mwenye maswali ya kupe awaone wenzetu wa mifugo mlangoni.